Siku Niliyowaambia Wapige Mbu

Mgongo wangu umeinama kidogo upande wa kushoto, na kila daktari anayeutazama huniuliza niliumia lini. Sikuumia. Nilibeba bomba la dawa ya mbu kwa miaka mingi, na mkanda mmoja wa bomba lile ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Kuurefusha ilikuwa kazi ya dakika tano, lakini sikuurefusha. Mtu akichoka sana, hata kinachomwumiza hapati nguvu za kukirekebisha. Ndivyo nilivyokuwa Thika miaka ya hamsini, kijana mwenye mifupa ya mzee.

Mimi ni mtu wa pwani. Kazi ya mbu niliianza huko kwetu, bandarini, nikaletwa bara kwa sababu homa ilikuwa imeanza kuwaangusha vibarua wa katani na wa viwandani, na wakubwa wa afya walitaka mtu anayemjua mbu fulani kwa sura. Nilikuja kwa furaha. Nilijiambia kwamba bara ni baridi, mbu watakuwa wachache, nitapumzika. Nilipofika nikakuta baridi ipo kweli, na mbu wapo vilevile, na vilima vya kupanda na bomba mgongoni vipo juu ya hayo yote.

Mbu niliyemjua kwa sura si yule wa malaria anayekuja gizani. Huyu ni mweusi, miguu yake ina mistari myeupe utadhani amevaa soksi, na huuma mchana kweupe huku watu wakipika na kufua. Tena ana maringo. Maji machafu hayataki. Anataka maji safi yaliyotulia kivulini, ya mtungi, ya debe, ya pipa la ndani ya nyumba. Ndiye anayeleta homa ambayo bibi yangu aliiita kidingapopo na daktari wetu wa Thika aliiita dengi. Homa hiyo humkaa mtu kwenye viungo mpaka asijue alale upande gani. Macho humwuma kwa nyuma, tumbo likakataa chakula. Wengi hupona wenyewe, lakini anayetapika sana hukauka, na akikauka hufa. Dawa yake haikuwepo. Daktari alisema mgonjwa apewe maji, na akiyatapika apewe mengine.

Sasa fikiria kazi yetu. Dawa ya homa ni maji, na sisi tulizunguka nyumba kwa nyumba tukimwaga maji ya watu.

Tulikuwa na vyombo vitatu. Kulikuwa na upawa mweupe wa kuchotea, ili viluwiluwi, yaani watoto wa mbu, waonekane juu ya weupe. Kulikuwa na bomba la kupulizia kuta. Na kulikuwa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, ambacho nilikipenda kuliko vyote. Unasimama mlangoni, unalikamata jua kwa kioo, unalitupa ndani ya pipa lililo gizani. Viluwiluwi hawapendi mwanga. Wakimulikwa huanza kujinyonganyonga wakikimbilia chini, na hapo umewapata. Kisha unalilaza pipa, maji yote yanamwagwa, na unalisugua ubavuni kwa brashi, kwa sababu mayai ya mbu huyu hushika pale kama masizi na hukaa hai hata pipa likikauka. Kumwaga bila kusugua ni kujichosha bure. Kusugua pia kulitosha kumchosha mtu.

Wanawake walituchukia, na nilikuwa nawaelewa. Mwanamke amepanda mlima kutoka mtoni, debe limemlalia mgongoni, kamba imempita kwenye paji la uso mpaka imemwachia mfereji. Anafika nyumbani, anayamimina maji yake masafi ndani ya pipa safi. Kisha linakuja jitu na kioo, linamwambia kwamba maji yake yana wadudu, na linayamwaga uani. Mimi ningelipiga jitu hilo.

Kilichotuokoa ni mwenzangu. Alikuwa Mkikuyu mtu mzima, mwenye familia yake, mtulivu, aliyejua kuzungumza na kina mama mpaka wakacheka huku maji yao yakimwagwa. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Wewe kijana, beba bomba. Mimi nitabeba maneno." Nikafurahi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja yeye alibeba maneno, nami sikujishughulisha kujifunza hata salamu za maana.

Niseme ukweli, nilikuwa na kiburi cha lugha. Niliwacheka watu wa huku kwa Kiswahili chao. Mtu akisema "maji mingi" nilimsahihisha palepale, hata awe ana umri wa baba yangu. Mtu akisema "ruru" badala ya "lulu" nilitabasamu mpaka akaona. Kikuyu nilikiona kama kelele za watu wa baridi. Mwenzangu alipoongea na kina mama kulikuwa na neno moja alilorudia kila mara, "rwagi", na mimi kwa ujinga wangu nilidhani ndilo jina la homa. Sikuuliza. Nilikuwa nimechoka, na mchovu huona swali dogo kama mzigo wa ziada.

Neno moja la Kikuyu nilikuwa nalijua vizuri, nalo ni kuhuura, yaani kupiga. Mwenzangu aliwatishia nalo mbwa wa watu kila nyumba tuliyoingia. Nilijua pia kwamba ukiwaambia watu wengi unaongeza sauti ya i mwishoni. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na ingekuwa heri nisingekuwa hata nayo.

Basi mwenzangu akaugua. Homa ileile. Nilimkuta chumbani kwake, Thika, amejikunja kitandani, na aliponiona alisema mifupa yake imegeuka meno na inamtafuna. Siku hiyohiyo ofisi ilipata habari ya homa katika kijiji kimoja kipya upande wa Ruiru, mbele kidogo ya Gatongora. Mkubwa wangu aliniambia niende peke yangu. "Kiswahili unacho," alisema. Nikaona amesema kweli.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na kijiji hicho kilikuwa cha namna ya siku zile. Watu walikuwa wametolewa mashambani kwao wakakusanywa pamoja, nyumba za udongo zimepangwa kwa mistari. Handaki lenye miti iliyochongwa limezunguka pande zote, na mlango ni mmoja tu. Mlangoni walikaa homugadi, walinzi waliokuwa watu wa hukohuko, wakiwalinda jirani zao. Kila asubuhi wanawake walitolewa kwenda kazi za lazima. Saa tisa na nusu walirudi. Saa kumi mlango ulifunguliwa wakachote maji mtoni, na saa kumi na moja ulifungwa mpaka kesho. Saa hiyo moja ndiyo iliyokuwa saa ya maji ya kijiji kizima. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na pipa au madebe, na ndiyo maana mbu wangu alipapenda.

Nilifika na baiskeli yapata saa saba, nikaonyesha karatasi zangu, nikaanza kazi. Wenye nguvu walikuwa wametoka. Walibaki wazee na wagonjwa na watoto. Nilimwaga, nikasugua, nikapuliza kuta, nikamwaga tena. Hakuna aliyenisimulia lolote la kuchekesha. Kimya kile kilinichosha kuliko bomba.

Nyumba ya kumi hivi nikamkuta mama mmoja na binti yake. Mama alikuwa ameruhusiwa asiende kazini kwa sababu ya mgonjwa. Binti alikuwa msichana mkubwa wa kuolewa, amelala juu ya kitanda cha miti, midomo imepasuka, macho ameyafumba kwa ajili ya ule mwanga mdogo wa mlangoni. Kando yake kulikuwa na bakuli la matapishi, na matapishi yenyewe yalikuwa maji matupu. Niliijua homa hiyo kabla sijavuka kizingiti. Pipa lao lilikuwa nyuma ya mlango, maji yamebaki chini ya nusu. Nikalipeleka jua ndani kwa kioo. Walikuwepo, wengi.

"Mama, maji haya yana mbu," nilimwambia.

Alishtuka, akageuka kutazama nje. Nilidhani ameogopa wadudu.

"Ni hawa, ndani ya pipa," nikamwonyesha. "Lazima niyamwage."

Akaelewa, na alipoelewa akasimama mbele ya pipa. "Usimwage hii maji," alisema. "Jana sikuenda mto, mtoto alikuwa mbaya sana. Hii ndiyo iko."

"Mama, hawa ndio wamemtia homa."

"Nimesikia. Ngoja saa ya maji. Nikirudi na ingine, mwaga hii yote. Nitakusaidia kumwaga."

Lilikuwa jambo la haki kabisa. Hata leo nikilitafakari sioni tundu ndani yake. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa "ngoja kidogo" na wanawake wengi mno, na nilikuwa nimerudi mara nyingi mno nikakuta pipa limefichwa. Nyumba zilikuwa bado nyingi, Thika ilikuwa mbali, na amri ya kutotembea usiku ilikuwa inanisubiri na mimi vilevile. Bega la kushoto liliniwaka moto. Nikamwambia, "Saa kumi karibu, mama. Utachota mengine sasa hivi." Nikalishika pipa.

Hakupigana nami. Alichukua kikombe cha bati akachota haraka kabla pipa halijalala, akapata nusu kikombe. Mengine yote yalitoka mlangoni yakateremka ile njia baina ya nyumba. Msichana alifumbua macho, akaufuata mlio wa maji kwa kichwa mpaka ukaisha. Nikalisugua pipa lao vizuri sana, pengine kuliko yote ya siku ile, kwa sababu niliona aibu na mikono ilihitaji kufanya kitu.

Wanawake wakarudi kutoka kazini, wamejaa udongo. Saa kumi ikafika, mlango ukafunguliwa, na kila mmoja akachukua debe lake akateremka. Yule mama alimwita kikongwe wa jirani aketi na mgonjwa, naye akajifunga kamba yake kichwani akaenda. Aliponipita hakunitazama. Nilihesabu kwamba atarudi baada ya nusu saa, msichana atakunywa, na mimi nitakuwa sina deni la mtu.

Nikaingia nyumba iliyofuata, ya wazee watupu. Nje, chini ya paa, kulikuwa na pipa ambalo sijaona mfano wake tangu nianze kazi. Maji yalikuwa meusi kwa viluwiluwi, na mbu wakubwa wenye soksi zao walitoka kunipokea usoni. Mikono yangu ilikataa kulilaza peke yangu. Wazee kwa watoto walikuwa wamekaa milangoni wakinitazama. Nikawaza, kwa nini nife mimi peke yangu? Hawa si mbu wao? Wacha niwaambie waje tuwapige pamoja. Na wacha niwaambie kwa lugha yao, wafurahi.

Nikaugonga ubavu wa pipa kwa upawa mara nne tano ili wanisikilize. Nikavuta pumzi. Nikapaza sauti yangu yote:

"Huurai mbu! Huurai mbu!"

Walitazamana kama watu waliosikia jambo zito. Kisha kikongwe mwingine aliyekuwa karibu nami alijiinua, akaweka mikono kandokando ya kinywa, akatoa sauti ambayo sikujua mtu wa umri ule anaweza kuwa nayo. "Mbuuu! U-u-u!" Nyumba ya pili ikaipokea. Ya tatu ikaipokea. Nilifurahi. Nilidhani ndivyo wanavyoitikia kazi huku bara. Sauti ikapita kijiji kizima, ikavuka handaki, ikateremka mtoni, na kutoka kule mtoni nikasikia wanawake wakiijibu, na jibu lao halikuwa la kazi.

Nikawaona wanapanda mlima mbio. Kila mmoja alikuwa ameacha mtoto au mzee kijijini, na hakuna aliyekumbuka maji. Waliokwisha kuchota waliyatupa madebe njiani, maji yakamwagika kwenye mteremko. Filimbi zikalia. Homugadi waliwaingiza wote ndani wakaubamiza mlango, wakawachuchumaza uwanjani mikono kichwani, na wawili wakaja kunichukua na bomba langu mgongoni.

Mkubwa wao alikuwa amewahi kuwa askari vitani, na Kiswahili alikileta kutoka huko. Aliuliza nani ameanza. Kikongwe yule, bila ubaya wowote, alininyooshea kidole.

"Ulisema nini?" mkubwa akaniuliza.

"Niliwaambia wapige mbu."

"Kwa Kiswahili ama Kikuyu?"

"Kupiga kwa Kikuyu. Mbu kwa Kiswahili."

Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwaka jana. "Huyo mdudu yako hapa anaitwa rwagi," alisema. "Mbu ni kelele. Ni ile kelele ya hatari, ya kuita watu wakuje. Kuhuura mbu ni kupiga hiyo kelele. Wewe umesimama katikati ya kijiji, umegonga pipa, umeamuru watu wapige kelele ya hatari. Na mtu akisikia mbu lazima apige pia, ndiyo desturi. Basi wamepiga. Wamekutii."

Homugadi mmoja akacheka, kisha wawili. Waliochuchumaa hawakucheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, pamoja na bomba.

"Wafungulie basi wakachote maji," nikamwambia. "Kosa ni langu."

"Saa imekwisha."

"Bado robo saa."

"Nikifungua tena leo, kesho mimi ndiye nitaulizwa ni kelele gani, na nani alitoka baada ya kelele." Alisema hayo polepole, kama anayemweleza mtoto. "Andika kwa karatasi yako vile unataka. Mlango hautafunguliwa mpaka asubuhi, na asubuhi wanaenda kazi. Maji ni kesho saa kumi."

Wakaruhusiwa kusimama. Yule mama alikuja akasimama mbele yangu, debe tupu mgongoni, kamba bado kichwani. Alikuwa amefika ukingoni, aliniambia baadaye, na alikuwa anainama kulitua debe achote aliposikia kelele. Alidhani imetoka nyumbani kwake. Alidhani binti amekufa.

Akanyoosha mkono, akaligusa bomba langu. Lilikuwa limejaa nusu, na maji yalisikika ndani nilipojigeuza.

"Hii ni maji?" akauliza.

"Ni dawa, mama."

"Ni maji na dawa?"

"Ndiyo."

"Dawa inaweza kutoka, maji ibaki?"

"Haitoki."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyolichukia bomba lile. Nilikuwa nimebeba maji mgongoni siku nzima katika kijiji chenye kiu, na hata tone moja halikufaa kumpa mgonjwa.

Jioni hiyo kila mmoja kijijini alifanya alichoweza. Wale ambao mapipa yao sikuwa nimeyafikia walimletea mama kikombe kikombe. Maji yenyewe yalikuwa na viluwiluwi, kama ya mapipa mengine yote. Mama alivua kitambaa chake cha kichwa akakitandika juu ya sufuria, na kwa kuwa hakuweza kushika pembe zote nne peke yake, nikashika pembe mbili za kitambaa. Walimimina polepole. Wadudu wangu walibaki juu ya kitambaa, wakijinyonganyonga, na maji yakapita chini. Kwa kanuni za kazi yangu nilipaswa kuvipindua vikombe vile vyote. Nilishika kitambaa mpaka mikono ikafa ganzi. Msichana akainuliwa, akanywa, akatapika, akanyweshwa tena.

Nikatoka na karatasi zangu. Mimi peke yangu ndiye niliyefunguliwa mlango. Darajani nilisimama nikautazama mto, maji yanapita bure mchana kutwa na hakuna anayeyauliza yanakwenda wapi. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huruma, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mwenzangu nilimkuta amekaa, amejifunga blanketi. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaanza kulia kwa maumivu ya mbavu, akawa ananiomba ninyamaze, nikinyamaza anasema, "Sema tena vile ulisema." Nilipofika kwa msichana hakucheka tena. Akasema, "Mwaka mzima nimesema rwagi mbele yako."

"Nilidhani ni homa."

"Ungeuliza."

Akaniambia asubuhi nichukue madebe mawili yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, si ya dawa, niyaoshe kwa majivu, niyajaze, nipeleke. Nilifanya hivyo. Niliamka mapema nikapanga foleni ya bomba la maji la mtaani, nikayafunga madebe kwenye baiskeli, nikaisukuma kila palipo na mlima na kuishikilia kila palipo na mteremko. Bega langu siku hiyo sikulisikiliza. Mlangoni mkubwa wa homugadi alinifanya ninywe kutoka kila debe mbele yake, kisha akanipisha.

Mama alikuwa ameketi kizingitini. Msichana alikuwa hai, nilimwona ndani, macho wazi. Niliweka madebe chini nikasema, "Maitu, nimeleta maji." Hilo la maitu, yaani mama yetu, mwenzangu alikuwa amenifundisha asubuhi ileile, akanirudisha mara tatu nilitamke sawasawa.

Aliyatazama madebe. Ni kweli yalikuwa ya mafuta, lakini debe ni debe, na dawa yetu ililetwa kwa madebe ya umbo hilohilo.

"Yametoka kwa bomba la mji," nikasema. "Mimi mwenyewe nimeyanywa pale mlangoni. Waulize."

"Wewe unakaa na dawa," alisema. "Mwili yako imezoea."

Kisha akainuka, akainamisha debe la kwanza, akayamwaga uani. Hakuwa na hasira. Aliyamwaga taratibu, kwa uangalifu, mbali na mlango, kama mtu anayetunza nyumba yake. Akamwaga na la pili. Akanirudishia madebe yangu na kunishukuru kwa safari. Nisingeweza kumlaumu, kwa maana kama mtu aliyekuja na bomba lile angeniletea mimi maji kwa ajili ya mwanangu, ningefanya vivyo hivyo.

Niliyafunga madebe matupu nikarudi Thika, na sikumweleza mkubwa wangu lolote. Wiki kadhaa hawakunituma Ruiru. Mwenzangu alipopona tulirudi pamoja, yeye na maneno yake, mimi na bomba langu, na safari hii nilikuwa nimejifunza kusema rwagi.

Tulikuta kijiji kimebadilika. Kila pipa lilikuwa limefunikwa kwa gunia, na gunia limezungushwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Hakuna aliyetaka kutufungulia. Ikabidi mkubwa wa homugadi aagize, na ndipo nikaanza kuchungulia kwa kioo pipa moja baada ya jingine. Hata kiluwiluwi mmoja hakuwemo. Mbu alikuwa amekosa pa kupenya. Mwenzangu alifurahi sana, akasema hii ndiyo kazi, daktari lazima aje aone, na kwamba kuanzia sasa tuwaambie watu wafunike badala ya kumwaga. Hilo ndilo tulilolifanya miaka yote iliyofuata, na homa ilipungua.

Kwa yule mama tulifika mwisho. Alifungua fundo moja moja bila haraka, akaliinua gunia kidogo tu, upana wa kioo changu. Nikatazama. Maji yalikuwa safi mpaka chini. Kabla sijainua kichwa vizuri alikuwa ameanza kufunga tena. Binti yake alitoka ndani, amekonda, miguu bado haijamkubali sawasawa, akashika ncha ya pili ya kamba akaivuta kwa nguvu zake zote.

Nilitaka kusema jambo jema. Nikamwuliza mama, kwa adabu zote, kama gunia lile linazuia rwagi vizuri.

"Rwagi sijui," alisema, akikaza fundo. "Inazuia wewe."